Miaka minne naambiwa nina jini mahaba, kumbe ni tezi ya shingo. Wake kwa waume, pimeni homoni kabla ya dawa

Bi Cherehani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kina dada, kina mama, na nyie kina baba mnaoruka nyuzi za uzazi mkidhani si zenu, karibuni nyote, hii inawahusu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Umri miaka 34. Nimeamua kuandika kwa sababu ya mteja wangu mmoja. Juzi kaleta gauni nimwachie mshono, mara ya tatu mwaka huu. Nikiwa nazungusha futi kiunoni kwake akaniambia, "Dada, nanenepa na wala sili. Nachoka mpaka nasinzia kwenye daladala napitilizwa kituo. Damu ikija ni mafuriko. Na nyumbani wanasema nina jini." Nilishindwa hata kuandika vipimo. Alikuwa ananisimulia mimi.

Yangu yalianza kidogo kidogo. Kwanza baridi. Tanga hii, mwezi wa pili, joto la kaskazi, mume wangu kalala kifua wazi na feni kaielekeza kwake, mimi nimejifunika blanketi mpaka puani. Tukawa tunacheka. Halafu choo kikawa kigumu, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, sauti ikawa nzito mpaka mteja akipiga simu anauliza, "Kaka, fundi yupo?"

Kisha zikaja siku zangu. Mwanzo zilikuwa nyingi mno, baadaye zikawa zinaruka mwezi, mwisho zikakata kabisa miezi saba. Nilinunua vipimo vya mimba vitano, vyote mstari mmoja. Siku moja nakata bitana mezani nikaona dera limelowa kifuani, madoa mawili. Maziwa. Mtu ambaye sijawahi kubeba mimba, maziwa yananitoka.

Hapo ndipo mama mkwe aliposema ni jini mahaba, limenioa. Alisema kwa mapenzi, wala simlaumu. Nilisomewa, nikanywa kombe, nikaogeshwa majani. Dua naiamini mpaka leo. Ila hakuna aliyeniambia kwamba dua na kipimo cha damu havigombani.

Kwenye zahanati niliyozoea, kila nikifika ni mkojo, na kila mkojo ni UTI. Nimemeza dawa za UTI na taifodi mpaka hesabu ilinipotea. Altrasaundi nimepiga mara nne, kizazi safi. Hakuna aliyenigusa shingo. Na mimi ambaye kazi yangu ni kupima shingo za watu kwa ajili ya kanzu na mashati, sikuwahi kuizungushia futi shingo yangu. Kola ya blauzi ilianza kunibana, nikahamisha kifungo, nikaendelea na kazi.

Aliyenigundua ni daktari mmoja mwanamke. Alisimama nyuma yangu, akaweka vidole shingoni, akaniambia nimeze funda la maji. Kisha akanigonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kinyundo cha mpira. Mguu uliruka, halafu ukarudi polepole kama mlango wenye bawaba za kutu. Alinitazama, akaandika vitu vinne: mimba, TSH, T4, prolaktini.

TSH ilitoka 68. Kwenye karatasi kawaida imeandikwa 0.4 mpaka 4. T4 iko chini kabisa. Prolaktini imepanda, si sana.

Nieleze kama nilivyoelezwa. Tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba wazee wanaita rovu, ndiyo inayotoa homoni, hiyo T4, inayoamua mwili wote uende kwa kasi gani. Yangu ilikuwa inazimika, kinga ya mwili wangu yenyewe inaishambulia. Ubongo ukiona tezi imelala unaipigia kelele iamke, na TSH ndiyo kelele yenyewe, ndiyo maana inapanda pale tezi inaposhuka. Sasa ile amri ya ubongo inayopandisha TSH hupandisha na prolaktini, homoni ya maziwa. Prolaktini ikipanda, inazima amri zinazokomaza mayai. Yai lisipokomaa, hakuna hedhi wala mimba. Blanketi, sauti, maziwa, kola ya blauzi, vyote vilikuwa mshono mmoja. Daktari alisema angenipa dawa ya kushusha prolaktini bila kuangalia tezi, angekuwa anakausha sakafu huku dari linavuja.

Dawa yangu ni kidonge kidogo cha levothairoksini, yaani homoni ya tezi yenyewe, kila siku. Nameza baada ya sala ya alfajiri kwa maji matupu, nakaa nusu saa mpaka saa nzima ndipo chai. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma naiweka masaa manne mbali nayo, maana vikikutana tumboni dawa haifyonzwi vizuri. Ramadhani tulikubaliana na daktari nimeze usiku wakati wa kulala, tumbo likishakuwa tupu. Wiki ya sita nikarudi kupima, TSH 21. Dozi ikaongezwa. Baada ya wiki nane nyingine, 3.1. Maziwa yalikata mwezi wa tatu, hedhi ikarudi mwezi wa nne. Blanketi nimempa mdogo wangu anayesoma Lushoto.

Jambo moja bado linaniuma. Siku ile ya kwanza daktari alimgeukia mume wangu, "Na wewe baba, ulipimwa lini?" Hakuwahi kupimwa hata mara moja. Miaka minne nazungushwa mimi peke yangu.

Nawaomba, kabla hujameza dawa ya uzazi, ya nguvu za kiume, ya kupungua, ya kunenepa au ya kusafisha kizazi, muulize daktari kama kuna homoni ya kupima kwanza, ipi, na kwa nini. Mwenye la kuongeza karibu.

Kijana wa Kange

Pole sana dada, na hongera. Lakini niseme langu. Hivi vipimo vimekuwa biashara. Kuna mahali nilishikishwa kifimbo cha chuma kimeungwa na kompyuta, dakika mbili tu, ikatoka karatasi nene: testosteroni, homoni ya kiume, iko chini, ini chafu, kongosho limechoka. Nikauziwa makopo matatu ya virutubisho. Ile ilikuwa hela ya kodi. Leo mtu akiniambia nipime homoni naona narudishwa kwenye kile kifimbo.

Mtu wa Maabara

Ndugu yangu wa Kange, una haki ya kukasirika. Mimi ni mteknolojia wa maabara, mwaka wa kumi na moja kazini, hapa hapa Tanga. Kifimbo cha kushika mkononi hakipimi homoni yoyote. Asiyekutoa damu, mate wala mkojo hana anachokipima, anakusomea karatasi iliyoandaliwa.

Homoni ni kitu kidogo mno ndani ya damu. Testosteroni ya mwanaume mzima, kwa maabara nyingi, ni kama nanogramu 300 mpaka 1,000 kwenye desilita moja, na nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa kwa bilioni. Ndiyo maana dunia ilichelewa kuweza kuzipima. Insulini, homoni ya sukari, watu walianza kuchomwa mwaka 1922, lakini ilipita zaidi ya miaka thelathini ndipo Rosalyn Yalow na mwenzake Solomon Berson, kule New York, wakapata njia ya kuihesabu vizuri ndani ya damu ya binadamu. Yalow alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson alishafariki mwaka 1972. Nikiweka damu ya mtu kwenye mashine nawakumbuka hao wawili. Kabla yao daktari alikuwa anakisia.

Ila niseme na upande wa pili, kwa sababu nauona kila siku dirishani kwangu. Kipimo kizuri kikifanywa saa mbaya kinadanganya.

Testosteroni inapimwa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, na vizuri mtu awe hajala. Mchana inashuka. Juzi kaja kijana saa kumi jioni, katoka kazini bandarini, usiku wake hajalala, anataka kupima. Nilimrudisha. Akanuna, lakini ningempima ningempa ugonjwa asio nao. Na ikitoka chini hairukiwi dawa, inarudiwa asubuhi nyingine kwanza.

Kwa kina mama, FSH na LH, homoni za ubongo zinazoamrisha ovari, pamoja na estradioli, homoni ya kike, tunachukua siku ya pili mpaka ya tano ya hedhi, mkihesabu siku ya kwanza pale damu inapotoka kweli, si yale matone ya kuchafua nguo. Projesteroni, inayoonyesha kama yai limetoka, watu wamekariri siku ya 21. Hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 ni siku ya 28. Hesabu siku saba nyuma kutoka pale unapotarajia hedhi ijayo. Nimeona mabinti wamelia kwa kuambiwa hawatoi mayai kumbe walipimwa wiki moja mapema.

Prolaktini haipendi haraka. Usije umetoka kuamka sasa hivi, usije mbio, kaa benchi utulie kwanza. Hofu ya sindano inaipandisha, hata kuchezewa chuchu. Zipo na dawa zinazoipandisha: metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Usiziache kwa uamuzi wako, ila zitaje.

Na tazameni kizio kwenye karatasi! Kuna mzee aliletewa jibu la testosteroni 12, akaenda mtandaoni akasoma kawaida ni 300, nusura apoteze fahamu. Yake ilikuwa kwa nanomoli, na 12 ya nanomoli ni kama 346 ya nanogramu. Hakuwa na tatizo lolote la homoni hiyo.

Zile pakeji za "homoni zote" kwa mtu asiye na dalili yoyote mimi sizipendi. Ukipima vitu ishirini, kimoja kitatoka nje ya mstari kwa bahati tu, utaanza kuugua karatasi. Anza na dalili, daktari aulize swali, damu ijibu.

Mama Swalehe

Bi Cherehani, mtoto je? Samahani kwa kuuliza, tunakuombea.

Bi Cherehani

Bado mama, asante kwa dua. Nimeambiwa siku nikiona mistari miwili nisingoje mpaka kliniki, nipime TSH wiki hiyohiyo, maana mimba huongeza mahitaji ya hiyo homoni na mtoto mwanzoni anategemea ya mama. Kwa kawaida dozi hupandishwa. Kaka wa maabara, Mungu akuzidishie.

Chuma cha Makorora

Nimeusoma uzi huu mara tatu kabla ya kuandika. Sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mke wangu.

Nina miaka 29, nabeba vyuma. Mwaka juzi mwenzetu wa jimu akaleta vichupa vya testosteroni, tukawa tunachomana kila wiki. Mwili ukajaa, mashati yakanikataa. Nilichoma miezi kumi na minne. Mwanzoni tu nikaoa. Mwaka ukapita hakuna mimba, mke wangu akaanza kupimwa. Alipimwa kila kitu, mpaka kile cha kusukumiwa dawa kwenye mirija, alitoka pale anatembea kainama. Mimi nimesimama mlangoni na kifua changu, najiona mzima kuliko wote.

Zamu yangu ilipofika, kipimo cha mbegu kilisoma sifuri. Si chache. Hakuna hata moja.

Daktari akapima damu. Testosteroni imepanda kupita kiwango, LH na FSH zimelala chini kabisa. Akanichorea kwenye karatasi: ubongo hutuma LH na FSH kwenda kwenye korodani, korodani ndiyo inatengeneza testosteroni na mbegu. Ukichoma testosteroni kutoka nje, ubongo unaona ipo tele, unaacha kutuma amri. Korodani inakaa bila kazi na kusinyaa. Kwa hiyo sindano ileile niliyodhani inaniongezea uanaume ndiyo ilikuwa inafunga kiwanda.

Niliacha. Mwezi wa pili na wa tatu vilikuwa vibaya, sina nguvu, sina hamu, nikikaa naona giza. Mbegu moja huchukua siku kama 74 kutengenezwa, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Mwezi wa tisa nikasoma milioni 11 kwa mililita. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kinaweka mpaka wa chini kwenye milioni 16. Bado sijafika, lakini nimetoka kwenye sifuri.

Wenzangu wa jimu, kama mnataka watoto, msiguse hiyo kitu. Na mke wangu, najua unasoma humu, nisamehe kwa ile siku ya mirija.

Kijana wa Kange

Kaka, umenigusa. Nitapima. Asubuhi.

Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu, nami niongezee. Nina umri wa miaka 61, naishi Pongwe. Nguvu za kiume zilianza kuniacha taratibu. Nikafanya wanachofanya wazee wengi wa pwani: supu ya pweza kila jioni, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Karanga mbichi, nazi, mizizi ya kuchemsha. Pweza ni chakula kizuri, namla mpaka leo, lakini hakunirudishia kitu.

Nilikwenda kwa daktari nikitaka nichomwe testosteroni kama nilivyosoma. Akanisikiliza, kisha akamuuliza mke wangu kama nalala vizuri. Mke wangu akasema, "Huyu usiku anaamka kukojoa mara nne, na ndoo ya maji ya kunywa haikai siku mbili." Mimi sikuwa nimeliona hilo. Akanipima sukari asubuhi sijala: 12.4 kwa milimoli. Kuanzia 7.0 ikirudiwa ni kisukari. Kile cha wastani wa miezi mitatu kikasoma asilimia 9.8, na mpaka wa kisukari ni 6.5. Testosteroni ilikuwa chini kidogo tu.

Insulini ni homoni, ndugu zangu. Ikishindwa kazi, sukari inaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na mwanaume mara nyingi huanza kuona kwenye tendo kabla hajaona kwenye macho au miguu. Nimetumia dawa, nimekata soda na chapati za asubuhi, natembea kwa miguu mpaka barabara kuu na kurudi. Miezi minane. Nguvu hazijarudi zote, zimerudi za kutosha. Ningechomwa ile sindano, sukari ingeendelea kunila kimya.

Kidani wa Saluni

Nauliza. Mimi nameza vidonge vya kukuza nywele na kucha, na wateja nawauzia. Vina shida na vipimo hivi? Na hizi krimu za kung'arisha je?

Mtu wa Maabara

Dada, umeuliza la maana sana. Vidonge vingi vya nywele vina biotini, aina ya vitamini, kwa wingi. Biotini haikuumizi, lakini mashine nyingi za homoni hutumia hiyohiyo biotini kunasa kipimo, kwa hiyo ikijaa kwenye damu yako inavuruga jibu. TSH inaweza kutoka chini kwa uongo na T4 juu kwa uongo, ukaambiwa tezi inakimbia kumbe mzima. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya hili mwaka 2017. Mwambie anayekutoa damu, na ataje siku ngapi uviache kabla ya kupima.

Krimu ni jambo zito zaidi. Nyingi za kung'arisha zina klobetasoli, steroidi kali. Ukipaka mwili mzima miezi na miaka inapenya, na tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza kotisoli, yaani steroidi ya mwili wenyewe. Uso unavimba duara, presha na sukari vinapanda, ngozi inachanika michirizi. Vivyo hivyo kwa wanaomeza deksamethasoni, steroidi ya vidonge, wanenepe. Mtu wa namna hiyo asiache ghafla kwa siri, anaweza kuishiwa nguvu na kuzimia. Aende kwa daktari, aseme ukweli, apimwe kotisoli asubuhi, apunguziwe kwa utaratibu.

Mama Swalehe

Wanangu, mimi nina miaka 49. Joto linanipanda kutoka kifuani mpaka usoni, usiku kanga inalowa naikamua. Hedhi inakuja ikijisikia. Nipime zipi?

Nesi wa Zamu

Shikamoo mama. Kwa umri wako na dalili hizo, huhitaji kupima FSH ili kujua. Hedhi inaelekea kukoma, wengi huwapata kati ya miaka 45 na 55. FSH wakati huu leo iko juu, wiki ijayo imeshuka, utatoa pesa upate jibu la siku moja. Cha kupima ni presha, sukari, na kama kuna uchovu mkubwa au moyo kwenda mbio, TSH, kwa sababu tezi ya shingo inaweza kujificha nyuma ya dalili hizi. Matibabu ya hilo joto yapo, usivumilie tu kwa kuambiwa ni uzee.

Ila mama, likae moyoni: hedhi ikishakata mwaka mzima, halafu ukaona damu hata tone, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Hapo hatuzungumzii homoni tena, tunatafuta saratani mpaka tuhakikishe haipo.

Na mabinti, hedhi ikikatika chini ya miaka 40 na huna mimba wala sindano ya uzazi wa mpango, hapo FSH ni ya lazima. Nimetaja sindano kwa sababu kila wiki napokea mtu anayetaka kupima homoni zote kwa kuwa hedhi imekata, nikiuliza vizuri, anachoma ile ya miezi mitatu. Ndiyo kazi yake kukata hedhi. Ukiiacha, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi kama kumi tangu sindano ya mwisho. Si utasa.

Binti wa Muheza

Samahani, naandika kwa mara ya kwanza. Nina miaka 22. Nina ndevu. Nazinyoa kila baada ya siku mbili, nafunga mtandio juu kidogo zisionekane. Hedhi naiona mara tatu au nne kwa mwaka. Chunusi mgongoni. Mama anasema nitulie nitaolewa yataisha, shangazi anasema nani atanioa hivi. Sijawahi kumwonyesha daktari.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuandika. Ulichosema kinafanana na PCOS, hali ya homoni inayofanya ovari zisikomaze mayai vizuri. Sikuthibitishii humu, lakini ni kitu cha kawaida kuliko unavyodhani: Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 10 mpaka 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa wanayo, na mpaka asilimia 70 yao hawajijui. Wapo wengi waliofunga mtandio juu kidogo kama wewe.

Vile "vivimbe" vinavyosemwa kwenye altrasaundi si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Daktari ataangalia mambo matatu: hedhi inayoruka, homoni za kiume kuzidi ama kwa dalili kama ndevu ama kwenye damu, na ovari zenyewe. Yakikutana mawili, na magonjwa mengine yakishaondolewa, ndipo jina hilo linatajwa. Kwa hiyo utapimwa testosteroni, lakini pia TSH na prolaktini, usije ukawa na yale ya Bi Cherehani. Na sukari, kwa sababu insulini huwa juu kwa wengi wenu, na hiyo insulini ndiyo inayosukuma ovari kutoa homoni za kiume.

Usikubali mtu akuite tasa. Wengi wenye hali hii huzaa, wengine kwa msaada wa vidonge vichache tu. Lakini usikae na hedhi mara tatu kwa mwaka bila tiba, ukuta wa kizazi unajijenga bila kutolewa na miaka ikienda si salama.

Binti wa Muheza

Nimelia hapa. Asante dada. Naogopa kwenda peke yangu.

Bi Cherehani

Huendi peke yako. Hedhi ikianza, siku hiyohiyo niandikie pembeni, tuhesabu siku. Nitafunga duka.

Binti wa Muheza *(wiki tano baadaye)*

Dada, imeanza leo asubuhi.

Bi Cherehani

Leo Jumatatu, siku ya kwanza. Jumatano ni ya tatu. Panda gari la kwanza, ushuke Kange, utanikuta nimevaa dera la kijani. Usinywe chai, tunapima na sukari. Maandazi na mbaazi nitakuwa nayo kwenye mkoba, utakula ukishatolewa damu.

Binti wa Muheza

Nakuletea machungwa.